Maswali ya Wasomaji: Hisa za eBay, mnada uliobaki jina

Mwezi huu barua kutoka Lubumbashi zimekuja na wimbo mmoja: hisa za eBay, ile kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa mnada wa intaneti. Tumejibu tano. Hesabu za kampuni ni za mwaka 2024, na bei ya dola 90 kwa hisa ni ile iliyofikiwa katikati ya 2025. Ukisoma baadaye, badilisha bei kisha upige hesabu upya.

Salamu Mhariri. Niko na duka la vipuri vya magari hapa Kampemba. Mukubwa wangu aliye Ubelgiji ananihimiza tuchange dola 3,000, tununue hisa za eBay na kuziacha miaka kumi na tano mpaka watoto waingie chuo. Anasema kampuni ni kongwe, watu hawataacha kuuza vitu vya zamani, na hisa imepanda sana. Mimi roho inasita. Ni woga tu? (Mfanyabiashara, Kampemba)

Si woga, ndugu. Mkubwa wako hasemi uongo, ila ameangalia upande mmoja. eBay ilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, ikaingia soko la hisa la Nasdaq mwezi Septemba 1998 kwa dola 18 kwa hisa, na mpaka leo inaingiza pesa taslimu: mwaka 2024 ilibakiwa na dola bilioni 2 hivi baada ya kulipa gharama za kazi na mitambo. Hatutarajii kusikia kesho kwamba imefunga. Tunachouliza ni faida ya kila hisa inatoka wapi, na kama chanzo hicho kinaweza kutoka maji miaka kumi na tano.

Fikiria soko la Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, pale mjini kwenu. Ukitaka kujua kama soko linakua, usimuulize mtoza ushuru amekusanya kiasi gani. Hesabu wateja na mzigo unaotoka. Kwa eBay, mzigo wote uliouzwa mwaka 2021 ulikuwa wa dola bilioni 87 na kitu. Mwaka 2024 ulikuwa karibu bilioni 75. Watu walionunua angalau mara moja ndani ya miezi 12 walikuwa kama milioni 147 mwisho wa 2021, na milioni 134 mwisho wa 2024. Sasa tazama mapato ya kampuni yenyewe: bilioni 10.4 mwaka 2021, bilioni 10.3 mwaka 2024. Mzigo umepungua kwa 14% hivi, ushuru umebaki palepale. Gawanya mwenyewe utaona: zamani kampuni ilibaki na senti 12 kwa kila dola iliyouzwa, sasa inabaki na karibu senti 14.

Hizo senti mbili zina njia mbili kubwa. Ya kwanza, kampuni ilichukua mikononi mwake kazi ya kupokea malipo, ambayo zamani ilikuwa ya PayPal. Ya pili ni matangazo: muuzaji analipa ziada ili bidhaa yake ionekane juu ya za wenzake. Matangazo yaliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 mwaka 2024. Kwa mwenye hisa ni pesa nzuri. Kwa mwenye meza ni ushuru mwingine, na mwenye meza ana miguu.

Kuwa wa haki: mwaka 2021 watu wengi walikuwa bado wananunua wakiwa nyumbani kwa ajili ya korona, kwa hiyo kuulinganisha nao ni kuionea kampuni kidogo. Basi tuanzie 2022, ulipouzwa mzigo wa bilioni 74. Miaka miwili baadaye, bilioni 75. Ukiondoa kupanda kwa bei za vitu, hapo hakuna kilichokua.

Kwa nini basi hisa imepanda? Kwa sababu ya sinia la bukari, yaani ugali. Sinia likiwa lilelile na mikono ikapungua kutoka kumi hadi minne, kila aliyebaki anashiba zaidi ingawa mpishi hakuongeza hata kiganja cha unga. Mwaka 2015 eBay ilikuwa na hisa kama bilioni 1.2, mwisho wa 2024 zilikuwa chini ya milioni 500. Kampuni inanunua hisa zake sokoni na kuzifuta. Mwaka 2024 pekee ilitumia zaidi ya bilioni 3 kwa kazi hiyo, na karibu nusu bilioni nyingine kwa gawio, yaani pesa wanayogawiwa wenye hisa, wakati kazi yake iliingiza bilioni 2 tu. Tofauti ilitoka wapi? Sehemu kubwa kwenye kuuza mali: mwaka huo ilipata kama dola bilioni 2.4 taslimu kwa kuuza nusu ya hisa ilizokuwa nazo katika Adevinta, kampuni ya Norway ya matangazo ya mtandaoni. Kabla ya hapo ilikuwa imeuza StubHub, soko lake la tiketi, kwa bilioni 4.05 mwaka 2020, na biashara ya matangazo madogomadogo kwa bei iliyopatanwa 2020 ya bilioni 9.2, mauzo yakakamilika mwaka 2021. PayPal ilitengwa mwaka 2015 na kuwa kampuni ya peke yake. Nyumba inayouza makabati ili kununua nyama inakirimu wageni vizuri sana, lakini makabati yanahesabika.

Na historia ya meza za bure haiipendezi eBay. Japani iliondoka mwaka 2002, imeshindwa na mnada wa Yahoo. China, Alibaba ilianzisha Taobao mwaka 2003 bila kumtoza muuzaji. Kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imeacha kuendesha soko lake yenyewe huko. Leo ni Facebook Marketplace, iliyoanza 2016, na Vinted ya Lithuania, inayomwachia muuzaji bei yake yote na kumtoza mnunuzi. Ili kujibu, eBay ililazimika kufuta ada kwa wauzaji binafsi Ujerumani mwaka 2023 na Uingereza mwaka 2024, kisha huko Uingereza ikahamishia ada kwa mnunuzi. Msimamizi wa soko akianza kugawa meza bure, ujue kuna soko jingine limefunguliwa ng'ambo ya barabara. Ongeza hili: tangu Agosti 2025 Marekani imefuta msamaha wa ushuru wa forodha kwa vifurushi vya chini ya dola 800, na sehemu nzuri ya biashara ya eBay huvuka mipaka.

Wewe mwenye vipuri unajua nguvu yake iko wapi. Mtu mwenye gari la 1998 anayetafuta taa ya nyuma ya kulia, au kompyuta ya injini yenye namba fulani, hatampata muuzaji wake kwenye duka la vitu vipya. Vipuri ni kati ya makundi makubwa ya eBay, pamoja na kadi za wachezaji, saa za bei na vitu vya kumbukumbu. Hapo kampuni ina mizizi. Ila mizizi hiyo inalishikilia soko lisianguke, hailifanyi liongezeke mara mbili.

Mwisho, bei. Faida ya 2024 ilikuwa karibu dola 4 kwa hisa. Mwisho wa mwaka huo hisa ilikuwa kama dola 62, yaani ulilipa faida ya miaka kumi na tano na nusu. Kwa dola 90 unalipa ya miaka ishirini na mbili na zaidi, kwa biashara ambayo mzigo wake haukui. Na hisa ikiwa ghali, hata ile dawa ya kununua hisa na kuzifuta inapungua nguvu: bilioni 3 zinafuta hisa milioni 50 kwa dola 60, lakini milioni 33 tu kwa dola 90.

Ushauri wetu: pesa ya chuo isikae kwenye hisa ya kampuni moja, hii au nyingine. Mkubwa wako akishikilia, wekeni sehemu ya kumi ya mfuko, halafu kila miezi mitatu kampuni inapotoa taarifa andikeni namba tatu kwenye daftari: wanunuzi, mzigo uliouzwa, idadi ya hisa. Zile mbili za kwanza zikipanda kwa mwaka mzima, tutakuwa tumekosea na mtaweza kuongeza. Ikibadilika ya tatu peke yake, hamna jipya.

Mimi ni mwalimu. Nimesoma kwamba eBay ilipata faida ya dola bilioni 13.6 mwaka 2021, ikapata hasara ya bilioni 1.3 mwaka 2022, kisha faida ya bilioni 2.8 mwaka 2023. Duka gani linaruka hivyo? Na mwenye hasara anagawaje gawio? (Mwalimu, Ruashi)

Mwalimu, duka halikuruka. Ni karatasi iliyoruka. Ile biashara ya matangazo madogomadogo iliyouzwa 2021 ililipwa sehemu kwa pesa taslimu na sehemu kubwa kwa hisa za Adevinta. Faida ya kuuza iliandikwa yote mwaka huo, nayo ndiyo sehemu kubwa ya zile bilioni 13.6. Mwaka 2022 bei ya hisa hizo ilianguka, na kanuni za uhasibu zinataka anguko liandikwe kama hasara hata kama hakuna dola iliyotoka mfukoni. Mwaka 2023 bei ikapona kiasi, faida ikarudi. Wakati wote huo ada za wauzaji ziliendelea kuingia, na gawio lililipwa kutoka huko.

Ukitaka kufundisha wanafunzi wako kusoma taarifa hizi, fanya hivi. Fungua tovuti ya SEC, mamlaka ya masoko ya Marekani; ni bure na haidai akaunti. Tafuta taarifa ya mwaka, fomu inayoitwa 10-K. Pita ukurasa wa faida, nenda kwenye jedwali la mtiririko wa pesa. Chukua pesa iliyotoka kwenye shughuli za kawaida, toa iliyonunulia mitambo na majengo. Hapo wengi huishia, nasi tunasema toa kitu kimoja zaidi: hisa walizopewa wafanyakazi kama mshahara. Kwa eBay ni zaidi ya nusu bilioni kwa mwaka. Hazitoki taslimu, ndiyo maana jedwali linazirudisha juu kana kwamba si gharama, lakini kampuni ikinunua hisa sokoni, sehemu ya kwanza ya pesa hiyo inaziba tu shimo la hisa mpya za wafanyakazi. Ukishatoa hizo, bilioni 2 zinabaki kama moja na nusu. Gawanya kwa idadi ya hisa, utapata kama dola 3 kwa hisa badala ya 4, na hesabu ya miaka tuliyompa ndugu wa Kampemba inarefuka.

Naomba kueleweshwa: mnada wenyewe unaendaje bila mnadi kupiga kelele? (Mama Muuzaji, Katuba)

Mama, mnadi ni kompyuta, nawe unaipa siri. Tuseme kamera imeanzia dola 20. Wewe unaandika kiwango chako cha juu kabisa, dola 60. Hakuna anayekiona. Mwingine akiandika 52, kompyuta inapandisha kwa niaba yako hadi 53, kwa sababu kati ya dola 25 na 100 hatua ni dola moja. Mnada ukifungwa hapo, unalipa 53, si 60. Kinachouma ni mtu anayesubiri sekunde tano za mwisho na kuandika 70: bei inakuwa 61, saa imekwisha, wewe huna nafasi ya kujibu. Dawa ni kuandika tangu mwanzo bei ambayo kweli hutaki kuivuka, na kuondoka.

Lakini mnada sasa ni sehemu ndogo. Tangu mwaka 2000 kuna kitufe cha kununua papo hapo kwa bei iliyoandikwa, na vitu vingi vinauzwa hivyo. Wanaonunua hisa wakiwaza mnada wananunua kumbukumbu.

Nafanya kazi mgodini na nina akiba ya dola. Nikiamua kununua hisa hizi nikiwa hapa Lubumbashi, ni njia ipi, na gharama gani zitanila? (Msomaji, Bel-Air)

Kongo haina soko la hisa, na soko la Lusaka lililo jirani haliuzi hisa ya eBay. Inauzwa Nasdaq, New York, kwa alama EBAY, na unahitaji dalali wa nje anayepokea wateja wenye makazi Kongo. Wengi hawapokei, na usidanganye makazi: akaunti ikifungiwa, pesa hukwama humo miezi. Muulize dalali kwa maandishi kabla ya kutuma nyaraka, kisha hakikisha jina lake lipo kwenye orodha ya msimamizi wa nchi yake. Kwa dalali wa Marekani ni BrokerCheck ya FINRA, kwa wa Uingereza ni orodha ya FCA. Andika anwani ya tovuti hizo mwenyewe. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa.

Utahitaji pasipoti isiyokwisha muda, uthibitisho wa makazi na taarifa ya benki. Jina liwe moja kwenye karatasi zote. Hapa ndipo wengi wa kwetu hukwama: kadi ya mpiga kura ina postnomu, lile jina la ziada la Kikongo, pasipoti haina, benki imeyageuza majina. Rekebisha benki kwanza, ndiyo rahisi.

Kisha fomu W-8BEN, inayoeleza kwamba wewe si mkaazi wa Marekani. Inadumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini, halafu unaisaini upya. Kwa kuwa Kongo haina mkataba wa kodi na Marekani, gawio lako linakatwa 30% kabla halijakufikia. Piga hesabu: dola 3,000 kwa bei ya 90 ni hisa 33. Gawio la 2025 lilikuwa senti 29 kila miezi mitatu, yaani dola 1.16 kwa mwaka. Mara 33 ni dola 38.28, baada ya kodi, dola 26.80. Hiyo haifiki hata 1% ya pesa yako. Anayetafuta mapato ya kila mwaka amekosea mlango.

Ada ya kutuma pesa ndiyo inayoumiza kuliko zote. Benki ikikukata dola 40 kutuma 500, umeanza safari ukiwa nyuma kwa 8%, na gawio la miaka mingi halitaziba. Kusanya, utume mara moja.

Wapo watakaosema, weka kwa jina la ndugu wa Ulaya. Ubelgiji ina mkataba, kwa hiyo Marekani inakata 15% tu, lakini Ubelgiji nayo inakata 30% ya kilichobaki: kwa kila dola 100 za gawio zinafika 59.50, chini ya 70 ambazo ungepata wewe mwenyewe. Na kisheria hisa ni za aliyeandikwa. Akifariki, warithi wake ndio watakaozipokea, si wewe. Kama hamna njia nyingine, andikeni mkataba wa pesa ya nani ni kiasi gani, msaini wote, nakala ibaki kwa kila mmoja na kwa shahidi. Undugu haupungui kwa karatasi.

Kuna kundi la WhatsApp la "wanahisa wa eBay Lubumbashi". Unatuma dola 100 kwa namba ya simu, unapata 2% kila siku. Rafiki yangu ameshatoa dola 30. Nijiunge? (Kijana, Kamalondo)

Hapana, kijana. Hisa hailipi kila siku, na eBay haiuzi hisa zake kwa namba ya simu ya mtu. Pia chukua kikokotoo: 2% kwa siku, faida ikirudishwa ndani, inageuza dola 100 kuwa zaidi ya dola 137,000 kwa mwaka mmoja. Aliye na mashine hiyo asingehitaji dola zako 100.

Dola 30 za rafiki yako zilitoka kwa aliyejiunga baada yake. Waulize wazee wa nyumbani habari za Bindo, ule mchezo wa pesa wa enzi ya Zaire, mwaka 1991; walioingia mwanzo nao walilipwa, wakawa ndio matangazo.

Mwambie rafiki yako ajaribu kutoa pesa yote leo, si sehemu. Akiambiwa atume kwanza "kodi ya kutoa" au "ada ya kufungua akaunti", asitume hata faranga moja: hiyo ni wizi wa pili juu ya wa kwanza. Apige picha za ujumbe wote, jina la kundi, namba zilizopokea na namba ya kila muamala, kabla hajatolewa kwenye kundi, maana wakimtoa huenda akakosa namba za wenzake. Aipigie kampuni ya simu saa hiyohiyo aombe namba iliyopokea izuiwe. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, hakuna cha kuzuia. Na ushahidi huo aupeleke polisi akiwa na wenzake kadhaa, kwa sababu mmoja mwenye dola 70 husikilizwa kwa shida, kumi wenye namba ileile ya mpokeaji wanafungua faili.